Nyumba ya Boliti Nane

Lukresia alikuwa na tabia moja: akitaka kukwambia neno zito, hakutazami usoni, anatazama mikono yako. Mimi ni seremala, mikono yangu haikosi kazi, kwa hiyo kila alipoitazama nilidhani anaisifu.

"Clemensi," aliniambia siku aliponikuta nimepanda juu ya pikapu, randa mkononi, unga wa mbao umenijaa hadi kwenye kope. "Hiki unachojenga ni kitu gani?"

"Nyumba yako."

"Juu ya gari?"

"Wenzangu wanajenga juu ya kilima, wanapigwa na upepo mpaka wanazeeka. Mimi upepo ukinikera, nawasha gari nahama."

Alicheka. Akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa ncha ya kanga ili mwanya wake usionekane, na macho yanabaki nje yakikutazama, makubwa, yana maji ya kicheko. Macho yale yalinifanya nisahau kama randa inasukumwa mbele au inavutwa nyuma.

"Mimi siwezi kuishi ndani ya sanduku," akasema. Kanga ilikuwa imeshuka mdomoni na macho yalikuwa kwenye vidole vyangu.

"Sanduku gani lina jiko?" nikamjibu. "Humu kuna jiko."

Akacheka tena. Nami, mwanamume mwenye cheti cha kidato cha nne, nikakichukua kicheko kile nikakiweka mahali pa ndiyo.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Pikapu niliachiwa na baba mdogo alipohamia Babati, nzee, rangi ya maziwa yaliyolala, lakini injini ilikuwa na adabu. Na wazo la nyumba lilitoka kwa Wajerumani wawili, mume na mke, waliopita Karatu wakienda kreta ya Ngorongoro na gari lenye chumba mgongoni. Walisimama karibu na karakana yangu kuuliza maji. Mke alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akatoka na vikombe vya chai. Chai ya moto, jamani, katikati ya barabara. Mume akainywa amesimama, mkono mmoja begani mwa mkewe, na mimi nikajisemea: hii ndiyo ndoa.

Tena nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule kule Wasso, Sale na Digodigo, mwezi huku, mwezi kule. Mafundi wengine wanaokwenda kazi za mbali huacha wake zao nyumbani wawasubiri kama barua. Mimi nilitaka kwenda na wangu.

Basi nikajenga. Nilisimamisha fremu ya mbao za saipresi juu ya bodi la pikapu, nikaikaza kwa boliti nane zilizopita mpaka chini, nne kila upande. Kuta nikazipiga plaiwudi, paa nikaliezeka bati, nikalilaza kidogo kwa nyuma maji yasituame. Kitanda kilikaa kwa urefu, upande wa kichwani kikiingia juu ya kabini, ili mtu mrefu anyooshe miguu bila kumpiga teke sufuria. Chini ya kitanda droo mbili, yake na yangu. Yake niliipiga msasa mara tatu.

Mji mzima ulinicheka. Waliita kabati. Waliita banda la kuku wa kizungu. Piusi, karani wa stoo ya ngano, ambaye alikuwa na nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji na hakukusahaulisha, alikuwa akipita kila jioni anasimamisha baiskeli.

"Fundi, hebu nielimishe. Mke akikufukuza nyumbani, unashuka mwenyewe, au anakudondosha kwenye kona?"

"Inategemea kona, Piusi. Wewe wako akikufukuza utateleza tu kwenye saruji."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikahesabu bao. Hivyo ndivyo nilivyoishi, nikihesabu mabao.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa rafiki yangu Saning'o, Mmasai wa Nainokanoka aliyekuwa akileta mbuzi siku za mnada. Aliizunguka nyumba ile polepole, akaigonga kwa fimbo, akachungulia ndani.

"Nzuri," akasema. "Yeye amejenga upande gani?"

"Nani?"

"Mke."

"Kwetu mwanamume ndiye anajenga."

"Kwetu mwanamke. Anakata fito, anapinda, anakandika. Sisi tunakuja kulala kwake." Akanitazama kwa huruma fulani iliyoniudhi. "Hii umeijenga peke yako. Atakuja kulala kwako, siku ya baridi atasema ni yako."

"Saning'o, wewe uza mbuzi."

"Ninauza," akasema.

Mara ya pili Lukresia alinijia na uji kwenye chupa. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, magoti yetu yakigusana, na harufu ya sabuni ya nywele zake ikinivuruga akili.

"Mama akiumwa na mimi niko Digodigo?"

"Tutapiga honi mpaka asikie."

Mara ya tatu alisema, "Mimi nataka kupanda maua mlangoni. Yakae mwaka mzima, yatoe mbegu, nipande tena."

"Nitakupandia kwenye kopo la rangi," nikasema. "Yatakuwa maua ya kwanza Tanzania kuona Serengeti."

Siku ile hakucheka. Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri kitu, akachukua chupa yake akaondoka. Nikamsindikiza kwa macho mpaka rangi ya kanga yake ikayeyuka kwenye mashamba ya ngano, nikapiga mluzi, nikarudi kukaza bawaba.

Wazazi wake walikuwa hawanitaki, nalo hawakulificha. Mama yake, Mama Leonida, alisema mbele yangu kwamba binti hapakiwi nyuma ya gari kama mbuzi wa mnada. Baba yake, Mzee Tluway, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache na mashamba mengi, alisema tu, "Siku utakayonionyesha mahali atakapolala binti yangu, nitakupa jibu." Mtu mmoja alinitetea: dada wa mzee, shangazi Antonia, mwalimu wa Digodigo. Alipokuja likizo aliwaambia wote sebuleni, "Mwacheni kijana. Angalau yeye anataka kwenda na mkewe. Wa kwenu hapa wanatafuta safari za kwenda bila wake zao." Siku ikapangwa: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, wataiona nyumba, nitapewa jibu.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, Mzee Tluway akaja karakana mwenyewe. Lukresia alikuwa nyuma yake, kanga imefungwa kichwani, macho mekundu.

"Dada yangu amefariki jana," mzee akasema. "Hospitali ya Wasso. Homa ya siku tatu."

Nikaweka msumeno chini. Nikatoa pole, na ilitoka moyoni.

"Nimekuja kukuomba gari, tumlete azikwe kwao. Petroli ipo. Piusi ametupatia madumu."

"Gari ni lako, baba."

Petroli mwaka ule ilitafutwa kwa tochi mchana. Nikawaza, kumbe Piusi naye ni binadamu.

Sasa nisiwafiche kitu. Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Boliti nane, wanaume wanne wa kuteremsha, kazi ya saa tatu, nne tukibishana, na pikapu ingekwenda tupu kama ilivyozaliwa. Nilizitazama zile boliti. Nikajiambia: shangazi Antonia alinitetea, hawezi kulazwa juu ya bati kama gunia la ngano. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Nilitaka Mzee Tluway akae kando yangu, aisikie nyumba yangu ikipanda na kushuka Ngorongoro bila msumari kulia.

"Atalala kitandani," nikasema. "Godoro ni jipya, halijalaliwa na mtu."

Mzee akageuka akamtazama binti yake. Binti akatazama mikono yangu.

"Umesema wewe," mzee akasema.

Lukresia akanipa shuka jeupe lililokunjwa vizuri. "Mtandikie hili." Vidole vyetu vikagusana chini ya kitambaa, vyake vya baridi, akavichelewesha kidogo. Kidogo tu, lakini mwili wangu wote ukahamia pale.

"Asante," nikasema.

"Usinishukuru, Clemensi."

Nikadhani ni haya ya msiba.

Tulikwenda mimi na mzee. Tulishinda njiani kutwa, vumbi likituingia mpaka kwenye meno, tukalala kwa jamaa zake Wasso, na Jumamosi asubuhi tukampokea shangazi amefungwa blanketi. Tukamlaza kwenye kitanda changu, juu ya shuka la Lukresia. Alikuwa mwanamke mrefu. Alienea sawasawa. Mzee akaipima nyumba kwa macho, kuta, paa, droo, akagusa ile niliyoipiga msasa mara tatu.

"Umefanya kazi," akasema.

Jamani, yale maneno mawili. Nilitoka Wasso nimevimba kama chapati.

Njia nzima alinizungumzisha. Mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa ananijibu kwa koo, siku ile alinisimulia utoto wake, jinsi dada yake alivyombeba mgongoni kuvuka mto, jinsi alivyomfundisha kusoma. Tulipofika ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, nikawa naendesha kwa kubahatisha, na yeye akaweka mkono wake begani kwangu.

"Polepole, mwanangu," akasema.

Mwanangu. Niliendesha maili kumi bila kuhisi usukani.

Kwenye geti la hifadhi askari mmoja, kijana mchangamfu, aliizunguka nyumba yangu kwa mshangao akatuchungulia dirishani.

"Hii kali. Mnatoka fungate?"

"Tuna marehemu," nikamwambia.

Akavua kofia, akafungua kizuizi, asijue pa kuweka uso. Nilimwona Mzee Tluway anageuza kichwa upande wa pili, mabega yakitikisika, nikamwonea huruma nikidhani analia. Leo sina hakika.

Tukazika Jumapili. Nilibeba jeneza, nilifukia, nilipasua kuni, nilichota maji. Lukresia alipita mbele yangu mara nyingi na sahani za watu, hakunipa hata kona ya jicho, nami nikamsifu kwa heshima zake. Nikaliosha godoro, nikalianika siku mbili. Jumatano, wageni walipokwisha kutawanyika, nikavaa shati la pasi nikaenda kuchukua jibu langu.

Walikuwa watatu sebuleni, baba, mama na binti. Nikakaribishwa kiti, nikapewa chai. Nikaanza kwa pole, mzee akaikata.

"Umekuja kwa jambo lako."

"Ndiyo, baba. Ulisema nikuonyeshe mahali atakapolala."

"Nimepaona." Akanywa chai. "Wewe ni Mwiraqw, Clemensi, au shule ilikumaliza? Nyumba mpya inafunguliwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Vipi?"

"Mke anawasha moto wa kwanza. Wanalala wenyewe usiku wa kwanza."

"Yako imefunguliwa na nani?"

Kikombe kilikuwa mdomoni kwangu. Nikakishusha.

"Sema. Umesoma."

"Na shangazi."

"Na maiti ya shangazi," Mama Leonida akanisahihisha, polepole, kama anayemsaidia mtoto hesabu. "Kwenye kitanda cha arusi. Kwenye godoro ambalo halijalaliwa na mtu. Si ndivyo ulivyosema?"

Nikamtazama Lukresia. Alikuwa anafuatisha uzi wa kitambaa cha meza kwa ukucha.

"Baba, ni wewe uliyekuja kuniomba."

"Mimi niliomba gari. Mtu akija kukuomba jembe ukamkabidhi na shamba, utamlaumu?"

"Nilitaka kumheshimu."

"Ulitaka kujionyesha," mzee akasema, na ubaya wa neno lile ulikuwa kwamba lilikuwa kweli. "Nilikaa kando yako siku nzima nikisubiri useme, baba, nimekosea, tusimame. Ulikuwa unanionyesha bawaba."

"Boliti nane tu," Mama Leonida akasema, akiniongezea chai nisiyoiomba. "Kijana aliyelelewa angezifungua."

"Nitaibomoa," nikasema. "Nitaibomoa leo. Nitajenga chini, kwa tofali, mwaka huu huu. Nipeni mpaka mavuno."

"Jenga," mzee akasema. "Mwanamume hakatazwi kujenga. Ila usimjengee Lukresia. Wazee wa Piusi walishafika hapa, tukawapokea."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Kesho Alhamisi?"

"Iliyopita. Asubuhi. Habari ya msiba ilitufikia jioni yake."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto wa darasa la pili. Alhamisi walimpokea Piusi. Ijumaa walikuja kuomba gari. Jumamosi, ukingoni mwa kreta, niliitwa mwanangu.

"Sasa kwa nini..." nikaanza.

"Msindikize mgeni," mama akamwambia binti.

Tulitembea mimi na Lukresia mpaka mwisho wa shamba la mahindi. Jua la saa kumi lilikuwa linampiga shingoni, na kile kishungi kidogo cha nywele kinachobaki nje ya kilemba kilikuwa kinachezacheza, na hata katika hali ile, Mungu anisamehe, nilitamani kukirudisha ndani kwa kidole changu.

"Wamekulazimisha," nikasema.

"Hapana."

"Sema tu. Tutaondoka sasa hivi. Gari lina mafuta."

"Lina mafuta ya Piusi," akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Mimi ndiye niliyemwambia baba namna ya kuomba."

Nikasimama. Naye akasimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza alipokuwa na neno zito alinitazama usoni. Ningeomba arudi kwenye mikono.

"Nilimwambia: ombeni gari, msitaje nyumba. Clemensi hataifungua. Atataka ionekane."

"Ulijua?"

"Nakufahamu. Hakuna mtu anayekufahamu kama mimi."

Alilisema lile kwa upole, na miaka yetu miwili yote ilikuwa ndani yake, uji, ngazi, magoti.

"Si ungeniambia hunitaki?"

"Nilikuambia mara tatu."

"Ulikuwa unacheka, Lukresia."

"Kwa sababu unachekesha. Mtu akichekeshwa hajakubali, amechekeshwa tu." Akang'oa jani la hindi akalichana katikati. "Nilikuwa nimekwisha kukupa neno langu, kabla ya hiyo nyumba, na watu wanajua. Nikilivunja mimi, nitaitwa msichana wa kuvunja maneno. Ukilivunja wewe kwa kosa lako, mimi nabaki safi. Piusi ana mama mkali."

"Shangazi yako alikupenda."

"Nami nilimpenda. Nimemlilia mpaka sauti imekauka, umenisikia." Sauti ilikuwa imekauka kweli. "Lakini alikuwa amekwisha kufa, Clemensi. Haikumwumiza."

Nikatafuta pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye mwanya wake, ambao leo hakuuziba.

"Na kama ningezifungua zile boliti?"

Alifikiri. Hakutaka kunidanganya, alifikiri kwa dhati, akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama alivyokuwa akifanya dukani anapochagua kitambaa.

"Ningetafuta kitu kingine," akasema.

Kule shambani ng'ombe wa mtu aliita, mwingine akajibu. Lukresia alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za randa, moja moja.

"Nitaikumbuka hii," akasema. "Sasa sema kitu cha kuchekesha, tuachane vizuri."

Niliufungua mdomo. Nilikuwa mtu wa maneno, mji mzima wanajua. Nilitafuta huku na huku, kama mtu anayepapasa mifuko getini, askari anasubiri.

"Huna?" akauliza.

"Sina."

"Basi," akasema, akauachia mkono wangu, akarudi kwao. Hakukimbia. Alitembea mwendo wake wa siku zote, akasimama mara moja kutoa mwiba kwenye kandambili, akaendelea.

Wiki ile ile nikaondoka Karatu. Sikuibomoa nyumba. Wasso kulikuwa na madawati sitini yananisubiri na sikuwa na pengine pa kulala, ingawa, niseme kweli, kitandani sikupanda. Nilijilaza sakafuni kati ya jiko na mlango, magoti kidevuni, mimi niliyejenga kitanda cha mtu mrefu. Habari ilinitangulia. Nikiegesha sokoni, akina mama wanahamisha ndoo zao. Hata aliyeniuzia chai aliniuzia kwa mkono wa mbali.

Siku ya tisa, nikipiga randa kwenye uwanja wa shule, alikuja mzee mmoja mfupi, amevaa koti la mvua kwenye jua kali. Alisimama akasubiri nimalize ubao.

"Naitwa Kaika. Natoka Digodigo," akasema. "Wewe ndiye mwenye gari la kulaza wafu?"

Nilitaka kumtukana. Nikamtazama vizuri, nikaona viatu vyake vimefungwa kamba tofauti, kimoja nyeusi kimoja ya katani, viatu vya mtu aliyevaa bila kuangalia.

"Si gari la wafu, mzee. Ni nyumba."

"Ndiyo, nimeambiwa nyumba." Akaitikia kwa kichwa kana kwamba tumekubaliana. "Mke wangu yuko hospitali hapa. Amemaliza jana. Kuna lori la mahindi linakwenda, wamesema watamweka juu, mimi nikae mbele na dereva. Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Hajawahi kusafiri peke yake," akasema. "Wameniambia kwako mtu anaweza kukaa ndani, pamoja."

Randa ilikuwa mkononi. Nikaiweka juu ya ubao, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda kumfungulia mlango wa nyuma. Alipanda kwanza kuangalia. Aligusa ukuta, akagusa kitanda, akafungua droo moja, ile laini, akauliza kama anaweza kuweka humo viatu vya mkewe. Nikamwambia aweke.

Hospitali walitusaidia kumpakia. Mzee Kaika akakaa kwenye ngazi ya ndani ya kupandia kitandani, kando ya kichwa chake, nikafunga mlango nikawasha gari.

Barabara ya Digodigo ni mawe matupu. Nilikuwa nimeacha tundu kwenye ukuta kati ya kabini na chumba, ukubwa wa kitabu, na kupitia pale nilikuwa namsikia. Mwanzo nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anamwonyesha njia. Hapa tumepita kwa yule mjomba wako mkorofi. Hapa ndipo punda alitukimbia na chumvi. Mto umekauka, mama, ungeuona ungesikitika. Mara anacheka kidogo, ananyamaza, kama anayempisha mwenzake aseme, halafu anaendelea.

Nami nilikuwa na haraka, sikuwa na subira ya kuendesha polepole, nilitaka kufika, kushusha, kurudi, nisisikie tena. Nikakanyaga mafuta. Nyumba yangu ikaruka kwenye jiwe, ikatua.

Vidole vikagonga kwenye ukuta nyuma ya kichwa changu, mara mbili, kwa adabu.

"Kijana, taratibu," Mzee Kaika akasema. "Bado tunazungumza."